Kidi, Kite na Majino

Mama mkwe wangu alishuka kwenye basi la usiku kutoka Siaya akiwa na mfuko wa omena, kuku aliyefungwa miguu na blanketi jipya la mjukuu wake, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miezi 5. Alikuja kunisaidia kulea ili nirudi kazini, akakusudia kukaa hadi Krismasi, akakaa miaka miwili na nusu. Tangu asubuhi ya kwanza alizungumza na mtoto kwa Dholuo, lugha ya Waluo, na kwa kuwa nyumba yetu hapa Umoja, Nairobi, ina vyumba viwili tu, karibu kila alilomwambia mtoto mimi nililisikia pia. Ndivyo ilivyotokea kwamba wanafunzi wawili tulianza lugha moja katika mwezi mmoja, mbele ya mwalimu mmoja: mmoja wa miezi 5, mwingine wa miaka 33.

Mimi nilizaliwa na kukulia Jericho, baba Mkamba na mama Mtaita, na kama ilivyo katika familia nyingi za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, zilizochanganya makabila, lugha iliyobaki mezani ilikuwa Kiswahili. Kikamba nilikisikia kwenye mazishi, Kitaita kwenye simu za mama. Nilipoolewa, mume wangu na mimi tuliendelea na Kiswahili tulichokutana nacho, na Dholuo ikawa lugha aliyoitumia yeye akizungumza na watu wa kwao. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya kiada, kwa hiyo makosa ya lugha ndiyo riziki yangu. Nalipwa kuyatafuta na kuyafuta. Pengine ndiyo sababu yale niliyoyaona nyumbani yalinigusa sana, kwa maana yalinilazimisha kulitazama kosa upya. Katika mji huu tunamsamehe mtoto anayekosea na kumcheka mtu mzima anayekosea, ilhali makosa yao, ukiyachunguza kwa karibu, mara nyingi yametoka katika kazi ileile ya akili.

Nianze na sikio, kwa kuwa hapo ndipo binti yangu alinishinda kabla hata hajasema neno. Dholuo ina neno "to", lenye maana ya "lakini", na neno "tho", lenye maana ya kufa. Katika neno la kwanza ncha ya ulimi hugusa ufizi nyuma ya meno ya juu, na katika la pili hugusa meno yenyewe. Mama mkwe alinitamkia maneno haya mawili mara nyingi, polepole, akinionyesha ulimi wake bila haya, na kwa majuma mengi mimi nilisikia neno moja tu. (Msomaji aliyelelewa kwa Kimvita labda atashangaa, kwa kuwa lahaja yake inazo "t" mbili za namna hiyo, Kiswahili cha Nairobi kina moja.) Mwaka wa 1984 Janet Werker na Richard Tees, waliokuwa wakifanya utafiti nchini Kanada, walionyesha kwamba watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza, wakiwa na miezi 6 hadi 8, husikia tofauti za sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii; wafikapo miezi 10 hadi 12, wengi wao hawazisikii tena. Mtoto huzaliwa na sikio lililo wazi kwa lugha zote, kisha katika mwaka wa kwanza hulinoa kwa ajili ya lugha za watu walio karibu naye, na kunoa huko kuna gharama yake. Mama mkwe alifika sikio la binti yangu likiwa bado wazi. Langu lilikuwa limekwisha kunolewa Jericho miaka 32 iliyotangulia.

Hata hivyo, kwa mwaka mzima wa kwanza mimi ndiye niliyekuwa mbele. Mwezi wa tatu nilikuwa naweza kusalimu, kuomba maji, kushukuru, kuuliza bei na kueleza kwamba mtoto amelala, huku mwenzangu akitoa povu na kelele. Watu husema kwamba watoto hujifunza lugha haraka kuliko watu wazima, na ukweli ni kwamba mwanzoni hali ni kinyume chake. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, wakachapisha matokeo yao mwaka wa 1978: vijana wa miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima walisonga mbele upesi katika miezi ya mwanzo, na watoto wa miaka 3 hadi 5 ndio waliobaki nyuma. Mtu mzima ana kumbukumbu iliyokomaa, anajua lugha nyingine ya kulinganisha, na anaweza kuuliza. Mtoto ana kitu kingine, nacho ni muda. Binti yangu alikuwa na Dani wake, kama anavyomwita nyanya yake, saa kumi kwa siku. Mimi nilikuwa naye kuanzia saa moja jioni, nikiwa nimechoka, na nusu ya muda huo nilikuwa jikoni.

Alipofikisha mwaka mmoja na nusu hivi, maneno yake yalianza kufungamana. Kwangu alikuja na "taka maji", kwa Dani akaenda na "pi". Sentensi ya "taka maji" ilinivutia kwa sababu katika kazi yangu nimezoea kukipasua kitenzi cha Kiswahili vipande vipande: kiambishi cha nafsi, kiambishi cha wakati, mzizi, irabu ya mwisho. Mtoto alikuwa ameacha vipande vya mbele na kushika mzizi na mkia. Alisema "anguka" kikombe kilipoanguka na "lala" mdoli alipolazwa. Baadaye niligundua kwamba jambo hili limechunguzwa hapahapa Nairobi. Mwanaisimu Kamil Ud Deen alirekodi mazungumzo ya watoto wanne wa mji huu kwa ajili ya tasnifu aliyoikamilisha mwaka wa 2002 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akaona kwamba watoto wa rika hilo huacha kiambishi cha nafsi au cha wakati, au vyote viwili, lakini irabu ya mwisho ya kitenzi karibu hawaiachi kamwe. Hata upungufu wa mtoto, basi, una utaratibu. Mimi na mume wangu hatukumrekebisha. Tulimwambia "Unataka maji? Haya, nakupa maji," na baada ya miezi kadhaa vile vipande vya mbele vikarudi vyenyewe mahali pake, bila mtu kumweleza kwamba kuna kitu kinachoitwa kiambishi.

Kosa lililonifanya nianze kuandika mambo haya daftarini lilitokea alipokuwa na miaka mitatu. Tangu alipoanza kupigwa mswaki alikuwa akisema "meno" sawasawa, kama sisi tulivyosema. Asubuhi moja akafungua kinywa mbele ya kioo na kutangaza, "Mama, majino yangu ni safi." Hakuna mtu nyumbani, mtaani wala katika televisheni aliyewahi kusema "majino". Nilikaa kwenye ukingo wa beseni nikitafakari. Mtoto alikuwa amesikia jina na majina, jibu na majibu, akatambua peke yake kwamba neno la namna hiyo likiwa jingi huongezewa "ma" mbele. Kanuni hiyo ilipomkaa akilini, ililifuta neno "meno" ambalo hadi siku ile alikuwa akilirudia tu kama kasuku. Kwa macho ya mtu anayesahihisha mtihani, alikuwa amerudi nyuma. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku aliyoanza kumiliki wingi wa Kiswahili, na wanaisimu wameliona jambo hilihili katika lugha nyingi: mtoto husema sahihi, kisha hukosea, kisha husema sahihi tena, na kosa la katikati ndilo linaloonyesha kwamba kanuni imeingia. "Majino" yalidumu kwa miezi minne hivi. Mwezi huohuo nilisikia pia "majiko", kabla ya "meko" kuja.

Wala kazi hii ya akili haikomi utotoni. Neno "kitabu" tulilipata kutoka kwa Waarabu, na katika lugha yao hiyo "ki" ya mwanzo ni sehemu ya neno lenyewe. Wazee wetu walisikia "ki", wakaichukua kuwa kiambishi cha ngeli, wakasema "vitabu". Neno la Kiingereza la kile kipande cha bati au plastiki kinachozuia tope la gurudumu lilifika katika gereji zetu kama "madigadi", na kwa kuwa lilianza kwa "ma", mafundi wakapata umoja wake: "digadi". Hakuna anayeyaita makosa. Yamo kamusini na tunawafundisha watoto shuleni, ingawa yalizaliwa kwa njia ileile yalikozaliwa majino ya binti yangu.

Mwaka wa 1958 Jean Berko, mtafiti wa Marekani, aliwaonyesha watoto wadogo michoro ya viumbe na vitu vilivyopewa majina aliyoyabuni mwenyewe, akawaomba wataje wingi wake. Watoto walitoa wingi wa maneno ambayo hawakuwahi kuyasikia maishani, na tangu hapo ikawa vigumu kudai kwamba mtoto hujifunza lugha kwa kuiga peke yake. Nami nililijaribu jambo hilo nyumbani mwaka huu, binti yangu alipotimiza miaka minne. Nilichora kiumbe chenye macho matatu na mkia, nikamwambia kwamba huyu anaitwa kimbuzo, kisha nikachora wa pili pembeni yake. "Hawa sasa ni nini?" Alijibu bila kusita: "Vimbuzo wawili." Nikageuza karatasi, nikachora kifaa chenye mpini, kisicho na macho wala miguu, nikakiita kilazu, kisha nikachora kingine. "Vilazu mbili."

Naomba msomaji atue hapa kidogo, kwa sababu majibu haya mawili yamebeba mambo mengi. Katika jibu la kwanza mtoto alibadilisha "ki" kuwa "vi", lakini akaipa sifa upatanisho wa viumbe hai, "wawili", kama ambavyo Kiswahili husema vipepeo wawili na vifaru wawili. Kwa hiyo ameshajua kwamba umbo la neno ni jambo moja na uhai wa kinachotajwa ni jambo lingine, na kwamba uhai ndio unaoamua upatanisho. Sikumfundisha. Nilipokuwa darasa la sita mimi mwenyewe niliikariri kanuni hiyo kwa machozi. Katika jibu la pili alisema "vilazu mbili", ambapo Kiswahili sanifu kingetaka "vilazu viwili". Mhariri ndani yangu alinyanyua kalamu. Lakini mtoto huyu hakukosea: hivyo ndivyo wanavyosema watu wa Nairobi, kondakta wa matatu, mama mboga, baba yake, na hata mimi ninapokuwa nje ya ofisi. Viti mbili, vikombe mbili, vitu mbili. Ameipata sarufi ya watu wanaozungumza naye, ambayo haina vurugu hata kidogo. Inatenga viumbe hai na vitu visivyo hai kwa unadhifu. Mtoto hawezi kuipata sarufi ya kitabu ambacho hakuna mtu anayekizungumza mbele yake.

Jambo hili lina uzito mkubwa kuliko linavyotajwa. Atakapofika darasani ataambiwa kwamba Kiswahili ni lugha yake, kisha atapewa alama ndogo kwa kuizungumza kama alivyoipata. Kwa mtoto wa Eastlands, Kiswahili sanifu ni kitu cha kujifunza juu ya Kiswahili alicho nacho, karibu kama lugha ya pili, na mwalimu anayelijua hilo atafundisha ngeli ya KI-VI kwa utulivu, akionyesha palipo na tofauti, badala ya kumwambia mtoto kwamba anaharibu lugha ya taifa. Nimehariri vitabu vya sarufi kwa miaka 9, na sijawahi kukutana na mswada unaomweleza mwanafunzi wa Nairobi kwamba "vitu mbili" ina kanuni. Ningefurahi sana kuupokea.

Mimi nilipita njia nyingine. Katika shule moja ya mtaa wetu, ambayo sitaitaja, palikuwa na kipande cha ubao chenye uzi tulichokiita monto. Aliyesikika akizungumza Kiswahili siku zisizo za Kiswahili alivishwa shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwingine, na waliokivaa siku hiyo walichapwa jioni kwenye gwaride. Mimi nilikivaa kwa sababu ya kumwambia jirani yangu "nipe kifutio". Nilichojifunza kutokana na ubao ule kilikuwa kunyamaza, na kwa miaka mingi Kiingereza changu kilikuwa cha kuandika tu, kwa sababu kwenye karatasi ningeweza kufuta kabla mtu hajaniona. Ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976 ilikuwa imekwisha kupendekeza kwamba madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mazingira ya shule, na Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakiita Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Maandishi yetu yamekuwa mema muda wote. Uzi wa monto haukukatwa nayo.

Turudi kwa mwanafunzi mkubwa. Jumamosi mama mkwe na mimi tulikuwa tukikaa sebuleni kuchagua maharagwe kwenye sinia, yeye akiwa na miwani yake, na hapo ndipo nilipopata masomo yangu bora. Jiwe kwa Dholuo ni "kidi". Siku moja niliona mawe mengi upande wangu, nikataka kusema, nikatafuta wingi, na kwa kuwa nilikuwa nimegundua kwamba maneno mengi ya Dholuo huishia kwa "e" yanapokuwa mengi, nikasema "kide". Mama mkwe hakucheka wala hakusema kwamba nimekosea. Alitazama sinia, akatikisa kichwa kwa masikitiko juu ya muuzaji wa yale maharagwe, akasema, "Ee, kite. Kite ng'eny." Mawe ni mengi kweli. Nami nikalirudia neno, "kite", tukaendelea.

Nilipofika kwenye daftari langu usiku nilijaribu kulielewa. Kidi huwa kite: "d" imegeuka "t". Basi nikajua kanuni. Juma lililofuata nikataka kusema milima, na mlima ni "got", nikasema "gote", kumbe ni "gode": hapa "t" ndiyo inayogeuka "d". Wingi wa Dholuo hubadilisha konsonanti ya mwisho ya mzizi kuelekea upande wa pili, iliyo nzito ikawa nyepesi na iliyo nyepesi ikawa nzito, na wanaisimu wameiandikia makala mengi tabia hiyo. Tazama sasa "gote" yangu kando ya "majino" ya mwanangu. Kila mmoja wetu alikuwa amekusanya mifano michache, akaunda kanuni, akaitumia mahali isipofika. S. Pit Corder aliandika mwaka wa 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi wa lugha yana maana, kwa kuwa humwonyesha mwalimu mfumo ambao mwanafunzi anautumia wakati huo, na mwaka wa 1972 Larry Selinker akaupa mfumo huo jina, akaueleza kama lugha ya katikati, inayosimama baina ya lugha uliyonayo na ile unayoiendea. Nilipoyasoma hayo nilihisi kwamba mtu amenitetea.

Lakini kuna makosa yangu ambayo binti yangu hakuyafanya katika umri ule, nayo yalitoka katika Kiswahili changu. Kiswahili kinatumia "a" kwa yeye na "wa" kwa wao. Dholuo inatumia viambishi vinavyofanana kabisa kwa masikio, lakini "a" ni mimi na "wa" ni sisi. Mwaka jana, baada ya mama mkwe kurudi nyumbani kwake, mafundi wa paa walikuwa waende kwake kesho yake, na mimi kwa furaha ya kuonyesha nilichojifunza nikampigia simu kumwambia kwamba wanakuja kesho. Nilisema "Wabiro kiny." Nilipaswa kusema "Gibiro kiny." Alichosikia yeye ni kwamba sisi, mimi na mume wangu na mtoto, tunakuja kesho. Alichinja kuku, akafagia ua, akatandika kitanda cha wageni, akatusubiri hadi giza likaingia, na mafundi wakala kuku wetu. Aliponieleza kwa upole siku mbili baadaye nililia. Nilikuwa nimeijua kanuni ile kwa zaidi ya mwaka mzima, ningeweza kuiandika ubaoni. Lakini kinywani, kwa haraka ya simu, "wa" ilikuwa bado ni ya Jericho. Hiyo ndiyo tofauti ambayo Stephen Krashen aliitilia mkazo katika miaka ya 1980 kati ya kujifunza kanuni na kuipata lugha yenyewe. Wengi wamempinga kwa kuzitenga njia hizo mbili kama vyumba visivyo na mlango kati yake, nami pia naona amezidisha, kwani baadhi ya mambo niliyoyajifunza daftarini yamekwisha kushuka ulimini. "Gibiro" ni mojawapo. Silikosei tena.

Je, umri una nafasi gani katika haya yote? Eric Lenneberg alidai mwaka wa 1967 kwamba upo wakati maalumu wa kuipata lugha, unaofungwa kuelekea kubalehe. Mwaka wa 2018 Joshua Hartshorne na wenzake walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu wapatao 670,000 waliofanya jaribio la sarufi ya Kiingereza kwenye intaneti, wakakadiria kwamba uwezo wa kujifunza sarufi hubaki imara hadi miaka 17 hivi, kisha hushuka, ingawa anayetaka kufikia kiwango cha mzawa inambidi aanze kabla ya miaka 10 au karibu na hapo. Sina sababu ya kuyakataa matokeo hayo. Sikio langu lenyewe ni shahidi. Ninachokataa ni matumizi ya matokeo hayo kuwa kisingizio, kwa sababu mtu mzima hapungukiwi na ubongo tu. Mtoto anaposema kitu kisichoeleweka, watu wazima watatu huinama kumsikiliza, hukisia, hurudia, hupanua sentensi yake, humpa alichotaka. Mtu mzima akisema kitu kisichoeleweka, aliye mbele yake huhamia lugha nyingine au hucheka.

Nimeliona hilo likimpata mama mkwe. Kiswahili alikipata akiwa amepita miaka 30, akiuza mboga katika soko la Kibuye mjini Kisumu, na ni Kiswahili chepesi, cha kazi, kinachofanya kila anachokitaka kifanye. Dholuo haina sauti ya "sh", kwa hiyo yeye husema sule, samba na sati. Jumanne moja tulikuwa pamoja katika duka moja hapa mtaani. Aliinua pakiti ya majani ya chai akauliza, "Hii ni silingi ngapi?" Kijana wa kaunta hakumjibu bei. Alimgeukia mwenzake, akarudia "silingi" kwa sauti ya kuigiza, wote wawili wakacheka kama wanavyocheka watu wakisikiliza wachekeshaji wa redioni. Mama mkwe aliiweka pakiti chini kwa utaratibu. Tangu siku hiyo, kwa muda wote uliobaki wa kukaa kwake Nairobi, alipoenda dukani alinyoosha kidole au alimbeba mtoto ili mtoto aseme. Huyu ndiye mtu ambaye hakuwahi kucheka "kide" yangu wala "gote" yangu. Kijana yule labda hajui Dholuo hata salamu, na kama angejaribu kutofautisha "to" na "tho" angeshindwa kama nilivyoshindwa mimi. Lakini yeye alikuwa nyuma ya kaunta.

Binti yangu alipokaribia miaka miwili, mwalimu wa chekechea alituita kutushauri. Alikuwa amemsikia akisema "nataka pi", akaona kwamba lugha zinamchanganya, akatuomba tuchague moja nyumbani, na akadokeza kwamba Kiingereza kingemfaa zaidi. Alikuwa na nia njema, nami nilimheshimu, lakini sikumtii. Mtoto aliyekuwa akisema "nataka pi" kwangu alijua vizuri kwamba akimwendea Dani huku akisema "maji" Dani atamjibu kwa "pi", na alimgeukia kila mtu kwa lugha yake kabla hajajua kwamba lugha zina majina. Kuchanganya ni jambo la kawaida kwa mtoto wa lugha mbili, tena ni kazi ya mtu anayetumia kila alicho nacho. Na kama tungebadilisha nyumba yote iwe ya Kiingereza, Dani angezungumza na mjukuu wake kwa lugha gani?

Sasa Dani amerudi Siaya na Dholuo ya binti yangu inapungua. Hilo nalo nimeliona kwa karibu, wala halihitaji miaka. Bado anaelewa karibu kila kitu, lakini hujibu kwa Kiswahili, na baba yake, anayefanya kazi usiku, hamtoshi. Upo utafiti wa mwaka wa 2014 uliofanywa Montreal kuhusu wasichana waliozaliwa China wakachukuliwa na familia za Kifaransa wakiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Hawakukumbuka neno lolote la Kichina, lakini walipochezewa sauti zenye toni za lugha hiyo, ubongo wao uliitika kama wa wasichana wanaoizungumza. Nimeusoma utafiti huo mara nyingi kuliko kazi yangu inavyonidai. Unanifariji, ingawa sitaki binti yangu abaki na alama ubongoni peke yake. Nataka aweze kumwambia nyanya yake kwamba anaumwa na tumbo. Tumekata tiketi za kwenda Siaya shule zikifungwa, kwa majuma matano, naye atabaki na Dani hata mimi nikirudi kazini.

Kwa sasa tuna simu za Jumapili. Jumapili iliyopita Dani alimwuliza, "Isechiemo?" Umekwisha kula? Binti yangu alifungua kinywa kusema "nimekula", akanitazama, akajizuia, akatafuta. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Nisechiemo!" Alikuwa amechukua "ni" ya Kiswahili na kuipachika mbele ya kitenzi cha Dholuo, mahali ambapo Dholuo ingeweka "a". Nilitaka kumnong'oneza neno lenyewe, lakini Dani alikuwa amekwisha kupokea.

"Ee, isechiemo," alisema. "Ne ichamo ang'o?" Ulikula nini?

Mtoto akafikiri tena, simu ikiwa imebanwa shavuni kwa mikono miwili.

"Rech," akasema. Samaki.